Presha, mawazo na kushusha pumzi: kufungua fundo la dhiki za kila siku

Mama mmoja aliingia dukani asubuhi akihema, jasho linamtiririka, buibui limeshika vumbi la njia. Ninauza dawa Langoni, hapa mjini Lamu, na ombi lake nalisikia karibu kila siku. "Mwanangu, nipime presha. Kitwa chaniuma, moyo wanienda mbio, usiku silali." Nikamfunga mkanda mkononi papo hapo, hata pumzi haijamrudi. Mashine ikasoma 148 kwa 92. Akajishika kichwa. "Sikukwambia?"

Kosa lilikuwa langu. Mtu aliyefika mbio hapimwi presha. Anatakiwa akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo, na nusu saa iliyotangulia awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara. Nikamwomba radhi, nikamvutia kiti karibu na feni, nikamwacha. Sikumpa dawa yoyote. Zilipopita dakika kama 7 nikampima tena: 132 kwa 84.

Zile alama 16 zilizoshuka bila kidonge ndizo zinazonifanya niandike haya. Watu wengi wa mji huu wanabeba dhiki bila kujua wameshika kitu gani, na kitu usichokijua huwezi kukitua.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Kwetu "presha" imebeba mizigo mitatu. Wa kwanza ni msukumo wa damu ndani ya mishipa, ule unaopimwa kwa mashine. Daktari huuita ugonjwa pale unapofika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku mbalimbali, na mara nyingi hauumi popote. Wa pili ni ile hali ya mwili kushtuka: moyo kupapa, viganja kulowa, tumbo kukaza. Wa tatu ni mawazo, yale mambo yanayozunguka kichwani saa nane za usiku. Mizigo hii hugusana, lakini kila mmoja una dawa yake. Mama yule alikuwa na wa pili na wa tatu, akaja kutafuta dawa ya ule wa kwanza.

Wazee wetu walikuwa na maneno mengi kuliko sisi. Walisema wasiwasi, kimuyemuye, jakamoyo, kihoro, simanzi, na kila moja lilikuwa na mahali pake. Siku hizi vitabu vinasema "msongo wa mawazo". Nalitumia neno hilo kwa sababu limezoeleka, ila lina kasoro moja: linaweka kila kitu kichwani. Muulize mtu mwenye dhiki inamshika wapi, atakuonyesha mabega, shingo, shimo la tumbo. Jambo hili ni la mwili kwanza.

Chukua mfano wa punda. Unapita kichochoro kati ya nyumba mbili za mawe, mara nyuma yako unasikia "Pisha!", na punda mwenye shehena ya mchanga huyo amekufikia. Kabla hujafikiri umeshajibandika ukutani. Ubongo umezipa amri tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, zikamwaga adrenalini. Moyo umeongeza kasi, sukari imeingia kwenye damu ili misuli ipate nguvu, na tumbo limeachishwa kazi ya kusaga chakula kwa muda. Walter Cannon wa Harvard alieleza mpango huu katika kitabu chake cha mwaka 1915: mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Punda amepita, umekung'uta kanzu, na baada ya dakika chache moyo umerudi mahali pake.

Barua ya karo haipiti kama punda. Wala deni la dukani, wala mama mgonjwa, wala simu ya mwenye nyumba. Mwili hautofautishi sana. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti Montreal, Kanada, aliandika kwamba panya aliowatesa kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa majeraha, kwa kuwachosha, kwa dawa, walionyesha dalili zilezile. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba, na matumbo yao yakaota vidonda. Madhara yalikuwa mbalimbali, jibu la mwili likawa moja.

Kuna jambo jingine hapa ambalo lingeepusha ugomvi mwingi majumbani lau tungelijua. Adrenalini inafika kwa sekunde, lakini nyuma yake inakuja homoni nyingine, kotisoli, ambayo inapanda polepole na kufika kilele dakika kama 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Ndiyo maana maneno yamekwisha, mwenzako ameshatoka nje, na mikono yako bado yatetema. Si kwamba huna subira. Kemikali bado zimo njiani. Nusu ile ya saa usijibu ujumbe wa simu, usimwite mtoto kumwadhibu, usitoe talaka.

Sasa tuje kwenye kuutuliza mwili, na nianze na pumzi, kwa sababu ndiyo niliyoiona ikifanya kazi pale kwenye kiti cha feni.

Tunapomwona mtu ameshtuka tunamwambia "vuta pumzi". Naye anajaza kifua, anainua mabega, anaizuia hewa, na hali inazidi. Kiswahili kina usemi ulio bora zaidi: kushusha pumzi. Siri iko kwenye kushusha. Jipime mwenyewe: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, usikie mapigo, kisha pumua polepole. Wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yanakaribiana kidogo hewa ikiingia na kuachana hewa ikitoka. Kuna neva ndefu, vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi moyoni na tumboni, nayo ndiyo breki ya moyo. Ukivuta hewa breki inalegea, ukiitoa breki inashika. Kwa hiyo anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta anaikanyaga breki hiyo muda mrefu zaidi.

Kwa vitendo ni hivi. Vuta kwa pua ukihesabu 4, bila kujaza kifua mpaka juu. Toa ukihesabu 6, midomo imefunguka kidogo kama anayepooza chai. Hesabu moja ni sekunde moja, hivyo unapata pumzi 6 kwa dakika, badala ya zile 12 hadi 20 za kawaida. Endelea dakika 5. Ukisikia kizunguzungu au ganzi kwenye vidole, unavuta hewa nyingi mno, punguza. Na usingoje dhiki ndipo ujifunze. Nahodha hajifunzi kushusha tanga siku ya dhoruba.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la udaktari la BMJ utafiti walioufanya kwa watu 23. Waliwasomesha sala ya rozari kwa Kilatini, na maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, yanayokaririwa katika yoga. Katika visomo vyote viwili pumzi ilishuka yenyewe hadi karibu 6 kwa dakika, bila mtu kuambiwa apumue vipi. Uradi wetu haukuwa katika utafiti ule. Lakini aliyewahi kuketi msikitini baada ya Magharibi akasikia watu wanavuta uradi kwa sauti moja, kila kifungu kikibebwa na pumzi moja ndefu, hatashangazwa na matokeo hayo. Sisemi dhikri ni mazoezi ya mapafu. Mtu anamkumbuka Mola wake kwa ajili ya Mola wake. Nasema tu kwamba mwili nao unapata fungu lake.

Kutembea sitalieleza sana kwa sababu mji wenyewe umeshalieleza. Sukari iliyomwagwa kwenye damu ilikusudiwa misuli, basi ipe misuli kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutoka hapa hadi kijiji cha Shela ni kama kilomita 3. Ukienda na kurudi kwa miguu mara mbili kwa wiki, sehemu kubwa ya hesabu hiyo umeshaipata. Angalia maji tu: bamvua likijaa njia ya ufukweni inamezwa, itabidi upite ya ndani. Wanawake wanaotoka kwa makundi baada ya Alasiri kwenda kupunga upepo hawajapewa cheti na daktari, ila wanajitibu.

Kazi ya mikono inanigusa zaidi, labda kwa kuwa nimekua nikimtazama babu yangu akishona kofia. Kofia ya Lamu inatobolewa matundu madogo mengi sana, kila tundu linazungushiwa uzi, na kofia nzuri inachukua miezi. Babu hakuwahi kusema anapunguza mawazo. Alisema anashona. Lakini mawazo mabaya yana tabia ya kucheuliwa, kama ng'ombe anavyorudisha nyasi zilezile kinywani: jambo lililokwisha juzi linatafunwa tena, na mwili unashtuka upya kila linapotafunwa. Akili haina nafasi ya kucheua na kuhesabu matundu kwa wakati mmoja. Kazi ya namna hii inataka iwe ngumu kiasi cha kukushika, isiwe ngumu kiasi cha kukuudhi. Kusuka ukili kunafaa, na kuparura samaki, na kupalilia, na hata bao kwa wanaolijua. Tofauti inakuja pale kofia inapokuwa na mteja anayengoja na pesa yake imeshaliwa. Hapo sindano ileile inageuka kuwa barua ya karo.

Televisheni na simu hazifanyi kazi hiyo vizuri, ingawa ndizo tunazozikimbilia. Mikono imelala, macho yanapokea, na akili inaendelea kucheua chini kwa chini.

Nirudi kwa yule mama. Alipotulia aliniambia lililomtoa mbio. Shule imemtumia ujumbe kwamba mwanawe atarudishwa nyumbani karo isipokamilika. Mumewe ni mvuvi, na tulikuwa katikati ya kusi, miezi ile kuanzia Aprili hadi karibu Septemba ambapo bahari huchafuka na mashua ndogo hukaa pwani. Sikumwambia ashushe pumzi. Pumzi hailipi karo. Nilimwuliza kama amewahi kuwauliza shuleni wanaweza kupokea kiasi gani kwa sasa. "Naona haya," akasema. Alikuwa ameona haya kwa wiki tatu, na wiki tatu hakulala.

Hapa pana jambo ambalo sayansi imelipima, na naona halijulikani vya kutosha. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta: wakisie kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mtu anapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Walipima jasho na mboni za macho. Utadhani aliyejua kwa hakika kwamba atapigwa shoti ndiye aliyedhikika zaidi. Sivyo. Dhiki ilifika kilele pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Kujua ubaya unakuja kulikuwa kwepesi kuliko kutojua.

Mke wa mvuvi anayesimama pwani jua linazama na mashua haijaonekana hahitaji kuelezwa hayo. Yeye hana la kufanya ila kungoja na kuomba. Lakini sehemu kubwa ya kutojua kwetu kwa kila siku tunaitunza wenyewe, kwa haya au kwa hofu. Hatumwulizi mwenye duka deni limefika ngapi. Hatuendi kuchukua majibu ya maabara. Hatufungui ujumbe. Tunaishi katika nusu kwa nusu, mahali pabaya kuliko hasara yenyewe. Ndiyo maana nasema njia rahisi kuliko zote ya kupunguza dhiki mara nyingi ni swali moja linalouliza kiasi, tarehe au jina. Mama yule alikwenda shuleni siku ya pili na sehemu ya pesa mkononi, akaomba kulipa iliyobaki kwa mafungu matatu. Walimkubalia. Deni bado lilikuwepo, lakini sasa lilikuwa na tarehe.

Kwa usiku kuna njia ndogo inayofanana na hiyo. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, na wenzake walitoa mwaka 2018 matokeo ya vijana 57 waliolala maabara. Nusu waliandika kwa dakika 5 mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika kama 9. Jambo likishakaa kwenye karatasi, kichwa hakina haja ya kulishikilia. Asiyeandika anaweza kumsimulia mwenzake, au kujirekodi kwenye simu.

Na kailula, usingizi wa mchana, je? Iko vizuri, ikiwa fupi. Dakika 20 baada ya Adhuhuri, joto likiwa limeukalia mji, zinaburudisha. Ukilala mpaka Alasiri utaamka umezubaa, na usiku utautafuta usingizi usiuone.

Baraza napaswa kulisema kwa uangalifu, maana ndilo fahari yetu. Kukaa na watu kunatuliza mwili. Mtu anayejua ana wa kumwambia hubeba dhiki ileile kwa wepesi zaidi. Lakini si kila mazungumzo yanatua mzigo. Kuna baraza ambayo kila jioni inazungumza jambo lilelile la uchungu, siasa au ardhi au mtu fulani, kila mmoja anaongeza kuni, na watu wanaondoka mioyo imepamba moto kuliko walivyokuja. Huko ni kucheua kwa jamaa. Mwenzako akikueleza shida, mwache amalize, kisha mwulize anataka kusikilizwa au anataka msaada wa mikono. Kwa wanawake, ambao baraza za njiani si zao, naona mapajani pa dada wakati wa kusukwa nywele, au usiku wa kupaka hina, yanazungumzwa mengi ambayo hayatafika kwa daktari yeyote.

Kuna pia vitulizo vya mkopo. Kahawa tungu naipenda, nami si wa kumkataza mtu. Kafeini haiongezi nguvu. Inaziba mlango ambao uchovu hupitia kuufikia ubongo. Kwa watu wengi nusu yake huchukua kama saa 5 kuondoka mwilini. Vikombe vya baada ya Isha, tuseme saa mbili usiku, saa saba nusu yake ingali inazunguka, na wewe unahesabu boriti za dari. Miraa ni kali zaidi. Kathinoni iliyomo inachochea mfumo uleule wa adrenalini tunaotaka kuutuliza, basi anayetafuna ili asahau anaongeza mafuta kwenye moto, na kesho yake ananung'unika bila sababu. Sigara inaonekana kutuliza kwa kuwa inaondoa hamu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Walioacha, baada ya wiki za mwanzo zilizo ngumu, kwa kawaida hupata wasiwasi mdogo kuliko walipokuwa wakivuta.

Yote haya ni kwa dhiki ya kila siku. Kuna hali nyingine inayofanana nayo kwa mbali, sonona, na hiyo haitibiwi kwa matembezi ya Shela. Mtu anapokuwa na huzuni au amekosa ladha ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hali chakula, hapati usingizi au analala kutwa, anajiona hana maana, anafikiria kufa, apelekwe hospitali. Wengi huanza na kisomo, na sioni ubaya. Kisomo na daktari havigombani. Hofu ya sheria nayo ilifungia watu majumbani, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Aliyefika hapo ni mgonjwa, atendewe kama mgonjwa. Na kifua kinachobana kwa maumivu yanayopanda hadi taya au mkono, usikiite mawazo ukakaa nyumbani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mama alirudi mara mbili ndani ya wiki mbili, kama nilivyomwomba. Alikaa dakika zake 5 bila kukumbushwa. Vipimo vilikuwa 130 kwa 82, kisha 128 kwa 80. Mara ya pili alikuja na jirani yake, bibi wa makamo aliyeandikiwa vidonge vya presha mwaka uliopita akaviacha, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, moyo wake umetua, watoto wameoa, hana mawazo tena. Nikampa kiti. Alikaa kwa utulivu kabisa, akauliza bei ya dawa ya kikohozi ya mjukuu wake, nikamwomba anyamaze kwanza. Mashine ikasoma 172 kwa 104. Nikarudia: 170 kwa 102. Nikaziandika namba zote kwenye karatasi, na mama akamshika mkono, wakatoka pamoja kwenda hospitali.